Nyerere wa sebuleni

Sebuleni kwangu kuna Nyerere. Ubavu wa njano wenye michirizi myeusi, mgongo mwekundu kama nyanya mbivu. Ni samaki, furu dume wa Ziwa Victoria, na jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka, watafiti wa Kiholanzi Witte-Maas na Witte ndio waliomtambulisha kwa wanasayansi na kumpa jina la rais wetu. Nenda sokoni Mwanza umuulizie kwa jina hilo uone watakavyokucheka. Pale furu ni furu.

Kumbe ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za hao "furu tu". Katika utafiti wa 1969 hadi 1971, takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa walikuwa wao. Kisha sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980 na kuwamaliza wengi. Mwaka 2006 nchi nzima ilibishana kuhusu filamu na mapanki. Furu hakuwa hoja.

Lakini sangara si mtuhumiwa pekee. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba tope na uchafu navyo vinaua aina. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Nyererei ana ndugu yake wa bluu, Pundamilia pundamilia, na majike wa pande zote mbili wamefanana mno kwa macho yetu. Maji yakiwa safi kila jike anamjua wa kwake. Yakichafuka, rangi hazionekani, wanachanganyikana, na machotara nao wanazaa. Hakuna maiti wala damu, ila baada ya vizazi kadhaa aina mbili zimekuwa moja. Maabara, chini ya taa ya rangi ya chungwa, majike walishindwa kuwatofautisha madume.

Sasa kosa langu. Niliweka nyekundu na bluu tangi moja, kisha nikafunga taa ya njano ya bei poa, eti sebule ipendeze! Jike akataga, akayakusanya mayai mdomoni, akafuata yale madoa ya njano kwenye pezi la chini la dume yanayofanana na mayai, na hapo ndipo mbegu huingia mdomoni. Baada ya wiki tatu hivi akatema watoto. Walipokua, madume wakatoka na rangi isiyo ya baba yeyote. Kulichotokea ziwani kwa miaka, mimi nilikifanya kwa msimu mmoja.

Jamaa mmoja alitaka kuwanunua kama "nyererei halisi". Nilikataa, kwa sababu angewazalisha na kuwauza kwa jina hilo, na wa tatu angeamini. Wafugaji makini hawatoshwi na jina la samaki. Huandika na kisiwa alikotoka, maana nyererei wa Makobe si sawa na wa kisiwa kingine.

Nimetafuta wengine, wa Makobe, tangi lao peke yao, taa nyeupe. Jike mmoja ana mayai mdomoni. Leo ni siku ya kumi na mbili hajala kitu.