Walimu wafunzwe kumlinda mtoto mtandaoni, si kuwasha kishikwambi tu

WAHENGA waliposema kuwa mwana akililia wembe apewe, walimkusudia mtoto aliye karibu na mzazi, ambaye jeraha lake lingeonekana na kutibiwa papo hapo. Simu yenye intaneti ni wembe wa aina nyingine, kwani jeraha lake aghalabu halionekani. Mtoto anaweza kukaa darasani mchana kutwa, kalamu mkononi na macho ubaoni, ilhali usiku uliotangulia mtu asiyemjua alimtisha kwamba angezisambaza picha zake za faragha. Iwapo mtoto huyo atamweleza mtu mzima yeyote nje ya nyumba yao, huenda mtu huyo akawa mwalimu wake.

Jambo ambalo mwalimu atatenda katika saa ya kwanza baada ya kuelezwa ndilo kipimo halisi cha mafunzo ya teknolojia ya kidijitali shuleni. Kwa muda mrefu kipimo hicho kimewekwa kando, na badala yake mafunzo yakapimwa kwa idadi ya walimu wanaoweza kuwasha kifaa, kufungua somo na kulionyesha ukutani kwa projekta.

Vifaa vilitangulia

Ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi ilitolewa na muungano wa Jubilee kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2013. Baada ya mivutano ya zabuni iliyofika hadi mahakamani, mradi ulianza kutekelezwa mwaka 2016, na vipakatalishi vikawa vishikwambi. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Mbali na vishikwambi vya wanafunzi, shule zilipokea viwili vya walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Walimu nao walipewa mafunzo yaliyolenga hasa namna ya kuvitumia vifaa hivyo kufundishia.

Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini, ujuzi wa kidijitali uliorodheshwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuupata. Mwaka uliofuata, shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya janga la Covid-19. Walimu ambao hawakuwahi kufunzwa kwa njia ya mtandao walijikuta wakituma kazi za ziada kupitia makundi ya WhatsApp, na watoto ambao hawakuwa na simu wakakabidhiwa za wazazi. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, mazoea hayo yalikuwa yamekita mizizi.

Kwa hivyo, hatari kubwa haikuja na vishikwambi vya serikali, ambavyo vilipelekwa vikiwa na masomo yaliyopakiwa tayari. Ilikuja na rununu ya nyumbani, ambayo haina mipaka ya aina hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na mashirika ya ECPAT, Interpol na UNICEF ulibainisha ukubwa wa tatizo. Ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Kenya wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa wakitumia intaneti. Miongoni mwa watumiaji hao, kati ya asilimia 7 na 13 walikuwa wamefanyiwa dhuluma ya kimapenzi iliyohusisha mtandao katika mwaka mmoja pekee. Baadhi walitishwa, wengine wakashawishiwa kwa pesa au zawadi, na wengine picha zao zikasambazwa bila idhini yao. Waathiriwa wengi hawakuripoti kwa vyombo rasmi, na wale waliojitokeza mara nyingi walimweleza rafiki wa rika lao.

Picha ya mtoto ni mali ya nani?

Kabla ya kumfunza mtoto tahadhari, mwalimu hana budi kuitazama simu yake mwenyewe. Ni desturi ya shule nyingi kupiga picha za wanafunzi siku ya michezo, ya kutoa tuzo au ya ziara, na kuziweka kwenye mitandao ya kijamii ili kuitangaza shule. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Hata hivyo, picha yenye uso wa mtoto, sare ya shule na jina lake humpa mgeni habari tatu kwa pamoja: mtoto ni nani, anasoma wapi na anaweza kupatikana saa ngapi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaharamisha kushughulikia habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na inataka shughuli hiyo iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Makali ya sheria hiyo yalionekana Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipoipiga shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa shule ya kadri, fedha hizo zingetosha kulipa mishahara ya walimu kadhaa kwa mwaka mzima.

Idhini haitokani na mzazi kulipa karo wala kujiunga na kundi la WhatsApp la darasa. Ni lazima iombwe waziwazi, ieleze picha itatumiwa wapi na kwa kusudi gani, na mzazi awe na uhuru wa kukataa au kuiondoa baadaye bila mwanawe kutengwa. Mahali ambapo idhini haijapatikana, kuna njia nyingi za kuonyesha kazi ya darasa: picha ya mradi uliobuniwa, ya mikono ikipanda miche, au ya wanafunzi wakiwa wameipa kamera mgongo.

Habari za mtoto haziishii kwenye picha. Walimu hujaza alama za tathmini katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na habari za wanafunzi, zikiwemo nambari za vyeti vya kuzaliwa, zimekuwa zikiingizwa katika mifumo ya Wizara ya Elimu. Shule isiyo na intaneti humlazimu mwalimu kwenda katika duka la huduma za mtandao mjini, kuandika nywila yake kwenye tarakilishi ya umma na kurudi nyumbani. Ikiwa hakujiondoa katika mfumo, au aliikubalia tarakilishi hiyo kuikumbuka nywila, basi mteja anayemfuata anaweza kuzifungua rekodi za darasa zima.

Kinga yake si ngumu. Nywila ndefu iliyoundwa kwa maneno kadhaa ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Kila mfumo uwe na nywila yake. Pale inapowezekana, akaunti ithibitishwe kwa hatua mbili, ili mwizi wa nywila akwame bila namba inayotumwa kwa simu ya mwenyewe. Mambo haya hufunzika kwa alasiri moja.

Saa ya kwanza

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo inahusu mtoto anayekuja kusema. Hapa ndipo hata mwalimu mwenye moyo mwema anapoweza kukosea, na makosa yake hujirudia kwa njia tatu.

La kwanza ni lawama. Maneno kama "nani alikutuma kuingia huko?" humfunga mtoto kinywa, na pengine asiseme tena kwa yeyote. Mhalifu naye hutegemea aibu hiyo hiyo ili aendelee kumtisha. Mwalimu anapaswa kusikiliza, kumwambia mtoto kwamba amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake, na kumuuliza machache tu yanayohitajika ili awe salama. Mahojiano ya kina ni kazi ya wataalamu.

La pili ni kuahidi siri. Mwalimu hawezi kuitimiza ahadi hiyo. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, uliwataka walimu kuripoti dhuluma ya kimapenzi dhidi ya mwanafunzi katika muda wa saa 24, na kuonya kuwa anayeificha atachukuliwa hatua za kinidhamu. Ni afadhali mtoto aambiwe tangu mwanzo kwamba habari zitafikishwa kwa wachache wanaoweza kumsaidia, na kwamba hazitajadiliwa katika chumba cha walimu.

La tatu, ambalo wengi hawalitambui, ni kuisambaza picha. Mwalimu anayepokea picha ya uchi ya mwanafunzi na kumtumia mwalimu mkuu ili aone ushahidi, naye akamtumia mwenyekiti wa bodi, amemdhulumu mtoto huyo mara ya pili na mara ya tatu. Amejiweka pia hatarini. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinaadhibu uchapishaji, usambazaji na umiliki wa picha za ngono za watoto kwa faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 25 gerezani, au adhabu zote mbili.

Utaratibu ufaao ni kuiacha picha ilipo katika kifaa cha mtoto, bila kuinakili, kuituma wala kuifuta. Mwalimu huandika kwenye karatasi jina la akaunti iliyotuma vitisho, tarehe, saa na maneno yaliyotumika. Mtoto hashauriwi kulipa pesa wala kutuma picha nyingine, kwa kuwa mhalifu aliyelipwa mara moja hurudi kudai zaidi. Kisha habari hufikishwa kwa mwalimu mkuu, afisa wa watoto na polisi. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina kitengo maalumu cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto. Nambari ya simu 116, inayohudumiwa na Childline Kenya tangu mwaka 2006, hupigwa bila malipo saa zote, na mwalimu asiyejua pa kuanzia anaweza kuipiga.

Mzazi huhusishwa mapema, isipokuwa anaposhukiwa yeye mwenyewe au mtu wa nyumbani. Ikiwa anayeshukiwa ni mwalimu mwenzake, wajibu wa kuripoti haupungui.

Kupiga marufuku hakutoshi

Kuna wanaoshikilia kwamba dawa ni kuziondoa simu shuleni. Hoja yao ina uzito. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilionya kwamba simu huvuruga masomo darasani, na ikataka teknolojia itumiwe tu pale inapomfaa mwanafunzi. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kuwa ni asilimia 16 pekee ya nchi zilizokuwa na sheria inayolinda waziwazi faragha ya habari za wanafunzi.

Lakini mwanafunzi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani jioni, na wa bweni hurudi likizoni. Wakati wa mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza mtandao wa Telegram uzuiwe ili kukomesha ulaghai wa uuzaji wa karatasi za mtihani. Hatua kama hiyo huchukua majuma machache, kisha mtandao hufunguliwa. Mtahiniwa aliyefunzwa kutambua kwamba anayeuza karatasi ni tapeli huendelea kuwa na kinga hata baada ya mtandao kufunguliwa, na ni mwalimu aliye katika nafasi bora ya kumpa mafunzo hayo.

Haja hiyo inazidi kwa sababu ya akili unde. Programu za kuunda picha zinaweza kuuchukua uso wa mwanafunzi kutoka katika picha ya kawaida ya siku ya tuzo na kuubandika kwenye mwili usio wake. Mwalimu anapaswa kujua kwamba mtoto wa namna hiyo ameumizwa sawasawa na yule ambaye picha yake ni halisi, na utaratibu wa kumsaidia ni ule ule.

Njia za kufikisha mafunzo haya zipo tayari. Vyuo vya ualimu vilianza kutoa diploma mpya kwa walimu wa shule za msingi mwaka 2021, na mwaka huo huo TSC ikazindua mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma. Mwongozo wa UNESCO kuhusu umilisi wa walimu katika teknolojia, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2008 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2011 na 2018, unaweza kutumiwa kupanga viwango.

Muhimu ni yaliyomo. Mafunzo yenye manufaa humpa mwalimu kisa cha kubuni, kama vile msichana wa gredi ya saba aliyebaki darasani baada ya wenzake kutoka, simu mkononi, asijue aanzeje kusema. Mwalimu hutakiwa aonyeshe mbele ya wenzake atasema nini, ataandika nini, atampigia nani simu na ataacha kufanya nini. Akikosea, hukosolewa pale ambapo hakuna mtoto atakayeumia, kisha hurudia hadi aweze.

Shule nazo zinahitaji ukurasa mmoja wa maandishi, uliobandikwa katika chumba cha walimu, unaotaja mwalimu anayepokea malalamishi hayo, nambari za kupiga, na kanuni ya picha za wanafunzi. Ukurasa huo hauhitaji umeme wala intaneti. Shule iliyo mbali na lami, ambayo vishikwambi vyake viliharibika zamani au vimefungiwa kabatini, inauhitaji sawa na shule ya mjini, kwa kuwa watoto wake nao wana simu za wazazi nyumbani.