Setilaiti Iliyoona kwa Kuzunguka

Tarehe 28 Agosti 2002 roketi ya Ariane 5 ilirusha Meteosat-8, setilaiti ya Ulaya iliyotazama Afrika nzima kutoka kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ilibeba kifaa kiitwacho SEVIRI: darubini moja yenye kioo cha sentimita 50 na chaneli 12, nane kati ya hizo zikipima joto linalotoka ardhini, mawinguni na kwenye mvuke wa maji. Meteosat ya kwanza, ya mwaka 1977, ilikuwa na chaneli tatu tu. Chaneli zote 12 zilieneaje nyuma ya kioo kimoja? Wengi huvisifu vichujio. Mimi naona sifa kubwa ni ya mzunguko. Setilaiti ilikuwa pipa linalojizungusha mara 100 kwa dakika, na kila mzunguko darubini ilifagia ukanda mmoja wa dunia; kanda hizo zilipangana kutoka kusini hadi kaskazini na kukamilisha picha kwa dakika 15. Kwa kuwa ukanda uleule ulipita mbele ya vitambuzi kimoja baada ya kingine, hapakuwa na haja ya kuugawa mwale mmoja kwa chaneli zote. Vioo vidogo viliipa kila chaneli sehemu yake ya taswira, na mwanga wake kamili. Vitambuzi 42 vilitosha kuchora picha nzima.

Wapo wanaouona mtindo huo kuwa ufujaji, na hoja yao ina uzito. Dunia huchukua nyuzi 17 hivi za duara lenye nyuzi 360, kwa hiyo sehemu 95 kati ya 100 za muda darubini ilitazama giza. Wamarekani waliuacha mtindo huo kwa GOES-8 mwaka 1994. Lakini giza hilo lilikuwa kipimo cha sifuri kwa vitambuzi, tena kila mzunguko. Jua nalo liliupasha mwili wa setilaiti sawasawa, na bamba lililotazama anga tupu lilipoza vitambuzi hadi karibu nyuzi 188 chini ya sifuri, bila mashine yoyote. Pale hoja inaposhinda ni kwenye kasi. Meteosat mpya, iliyorushwa Desemba 2022, haizunguki. Ina chaneli 16 na huleta picha kila dakika 10. Ilirushwa na uzito wa karibu tani nne, takriban mara mbili ya Meteosat-8, ikiwa na mashine za kupoza ambazo mtangulizi wake hakuzihitaji.