Namna ya kunyoosha gurudumu la spoki lililopinda

Katika milima ya Kisii na Nyamira, magurudumu ya spoki hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya majani chai na abiria wa bodaboda. Yakipinda, kanuni ya kuyanyoosha ni moja, yawe ya baiskeli aina ya Black Mamba, yenye spoki 32 mbele na 40 nyuma, ya pikipiki, au ya gari la kale kama Jaguar E-Type, yenye spoki 72 kila moja.

Kila spoki huvuta rimu kuelekea kwenye kitovu, nusu zikivuta kutoka kushoto na nusu kutoka kulia. Moja ikilegea, jirani zake huelemewa hadi zikakatika.

Fundi hulizungusha gurudumu taratibu, huku chaki ikiwa imeshikiliwa kando ya rimu. Rimu ikigusa chaki upande wa kulia, hapo spoki za kushoto hukazwa na za kulia hulegezwa, robo mzunguko wa nati kwa kila hatua. Mahali ambapo rimu imetuna, spoki za pande zote mbili hukazwa. Spoki za upande mmoja zilizokazwa sawa hutoa mlio unaolingana zikigongwa.

Ncha zinazochomoza ndani ya rimu hupigwa tupa zisitoboe tyubu. Rimu iliyopasuka hainyooshwi, bali hubadilishwa. Gurudumu likisambaratika kwenye mteremko, dereva na abiria wake huwa hatarini.