Wawili Mbele, Medali Moja

Ukimtaja Juma Ikangaa kijiweni, wapenzi wa riadha watakutajia Boston na New York mpaka uchoke. Mtaje Gidamis Shahanga uone. Hapo kuna atakayekuna kichwa kwanza. Mimi nasema majina haya mawili yanatakiwa kutajwa kwa pumzi moja, na sababu yangu ni asubuhi ya Oktoba 8, 1982, katika jiji la Brisbane, Australia.

Ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Shahanga hakwenda kule kubahatisha. Mwaka 1978, mjini Edmonton, Kanada, alikuwa ametwaa dhahabu ya marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39. Kwa hiyo Brisbane alifika kama bingwa mtetezi. Na siku chache kabla ya marathoni akachukua dhahabu nyingine, ya mita 10,000! Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania, alikuwa bado hajavuma sana nje ya Afrika. Wenyeji walimtegemea kijana wao Robert de Castella, aliyekuwa amekimbia kwa saa 2:08:18 kule Fukuoka, Japani, Desemba 1981.

Basi bunduki ikalia, na Watanzania wawili wakatoka nduki. Hawakusubiri mtu. Kilomita baada ya kilomita wako wao wawili tu mbele, joto la Brisbane likiwapanda, umati wa Waaustralia ukimtafuta mtu wao na kumwona yuko nyuma kabisa. De Castella hakukurupuka. Aliwaacha waende, akashika mwendo wake.

Msomaji, kukimbia na mwenzio mbele ya kundi si sawa na kukimbia peke yako. Ukiwa peke yako lazima uamue kila kitu: mwendo ni huu au nipunguze? Wanakuja au hawaji? Mkiwa wawili, mwenzio ndiye saa yako. Hatua zake zinakuambia kama umelegea. Upepo nao mnaweza kupokezana. Lakini mwili una akiba yake ya nguvu, na kwa wengi akiba hiyo huanza kukauka baada ya kilomita 30. Hapo urafiki wote unabaki palepale, ila miguu haikopeshani.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika nusu ya pili Shahanga akaanza kuachwa, miguu ikiwa bado na deni la zile mita 10,000. Ikangaa akabaki peke yake. De Castella akaja, akampita Shahanga, kisha akaanza kumtafuta Ikangaa kwenye barabara inayofuata mto. Alipomfikia, patashika! Huyu anapita, yule anarudi. Mwishowe de Castella akachomoka, akamaliza kwa saa 2:09:18. Ikangaa alifika sekunde 12 tu baadaye, 2:09:30. Shaba ikaenda kwa Mwingereza, Mike Gratton. Shahanga, bingwa mtetezi, akawa wa sita.

Wapo wanaosema walikosea, eti walikwenda mbio mno mapema. Hesabu hiyo ni rahisi ukiwa umekaa. Mtu anayekimbia 2:09:30 katika joto lile hakuharibu mbio, ila alikutana na mtu bora kuliko yeye kwa sekunde 12. Na muda ule haukuwa wa Ikangaa peke yake. Kilomita zile za mwanzo zilijengwa na miguu minne. Medali ilivaliwa shingo moja kwa sababu utepe wake hautoshi shingo mbili.

Kila mmoja aliendelea na njia yake. Shahanga alishinda marathoni ya Rotterdam mwaka 1984. Ikangaa aliendelea na tabia ileile ya kwenda mbele na kuwaburuza wengine. Boston mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, akawa wa pili tena mwaka 1989 na 1990. Novemba 1989 alishinda New York kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001.

Sisi tunaotaka kuandika tunapenda sana mtu wa kwanza na wa pili. Ndio wenye picha. Lakini historia inayoishia kwenye jukwaa la medali inaacha nje nusu ya mbio. Kijana atakayeandika siku moja kuhusu riadha ya Tanzania amwandike Ikangaa, sawa. Ila akifika Brisbane asiruke mstari wa sita. Hapo ndipo alipo mtu aliyemsindikiza mwenzake mpaka pumzi ilipomwishia.