Jinsi Kompyuta Ilivyojifunza Kuamka

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, iko kando ya Mto Turkwel katika nchi ya joto kali na vumbi. Kakuma iko mbele yake mwendo wa kilomita 120 hivi, katika njia iendayo Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma mwaka 1992, na serikali za kaunti zikaanza kazi nchini Kenya mwaka 2013. Tangu hapo, mambo mengi yaliyokuwa yakiandikwa vitabuni yameingizwa katika kompyuta: majina ya wanafunzi, habari za wagonjwa na hesabu za mishahara. Daftari za namna hiyo aghalabu huwekwa katika seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Seva ya zamani ikikataa kuamka, kazi ya watu wengi husimama, na Nairobi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 600. Mtu asiyejua huiita mfu, akaitupa pamoja na yote yaliyomo. Lakini anayejua historia ya mashine hizi hawi mwepesi wa kuizika.

Kompyuta ina taabu moja ya asili: haifanyi kitu bila programu, wala haiwezi kusoma programu bila programu ya kuisomea. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iitwayo 701, iliyokuwa na kitufe cha kupakia. Mwendeshaji alipokibonyeza, mashine ilisoma amri za kwanza kutoka katika kadi zenye matundu. Amri hizo chache zikaita nyingine, na hizo zikaita zilizobaki. Katika Kiingereza kuna usemi wa mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake vya buti. Kutokana na usemi huo kazi hii ilipata jina, na mpaka leo mafundi husema kwamba kompyuta inabuti. Katika mashine ya PDP-8 ya mwaka 1965, mwendeshaji aliweza kulazimika kuingiza amri za kwanza kwa vidole vyake, swichi baada ya swichi.

Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na amri hizo zimehifadhiwa katika kumbukumbu isiyosahau hata umeme ukikatika. Programu hiyo, iitwayo BIOS, hukagua kwanza viungo vya mashine. Kisha husoma fungu la kwanza la diski, lenye baiti 512 tu. Fungu hilo huita programu ya kupakia. Programu ya kupakia huita kiini cha mfumo endeshi. Nacho kiini hutafuta mafaili na kuanzisha huduma. Tangu 1983 fungu lilo hilo hubeba pia ramani ya diski, ambayo haiwezi kueleza zaidi ya terabaiti 2 hivi. Ndiyo sababu seva ya zamani, ikipewa diski kubwa iliyopangwa kwa ramani mpya, huenda isiamke ingawa diski ni nzima.

Basi, mfugaji aliyepotewa na ngamia hakimbii huku na huku nyikani. Huenda mahali alipouona unyayo wa mwisho, akaanzia hapo. Fundi naye afanye vivyo hivyo. Mashine isipotoa mwanga wala sauti ya feni, achunguze umeme. Ikilia milio ya onyo, aangalie vipande vya kumbukumbu, avitoe, avisafishe na kuvirudisha. Ikisema haioni diski, akague nyaya na mipangilio ya BIOS. Programu ya kupakia ikikwama, aiamshe mashine kwa diski nyingine na kuitengeneza. Kiini kikianza kisha kikashindwa kuyaona mafaili, huenda kimekosa programu ya kuendeshea diski hiyo.

Nchi yenyewe nayo ina sehemu yake. Vumbi huziba feni, na joto huchosha vipuri. Betri ndogo ya volti 3 inayolinda saa na mipangilio huisha baada ya miaka kadhaa. Dalili yake ni tarehe kurudi nyuma kila mashine inapozimwa. Mipangilio ikipotea, BIOS huweza kuitafuta diski mahali pasipo pake. Hapo betri ya bei ndogo huokoa seva nzima. Kwa miaka mingi umeme wa Lodwar ulitoka katika mitambo ya dizeli. Na popote umeme unapokatika ghafula wakati diski inaandikwa, mafaili huweza kuharibika.

Kabla ya kutengeneza lolote katika diski, fundi anakili kwanza yaliyomo. Kama diski ni nyingi, aziandike namba kabla ya kuzichomoa, kwa maana zikichanganywa huweza kupoteza yote. Seva ya zamani inaweza kununuliwa nyingine. Daftari la wagonjwa wa miaka kumi halina duka. Mwanafunzi wa Turkana atakayejifunza mpango huu wa hatua, uliorithiwa tangu 1952, atakuwa mlinzi wa daftari za watu wake bila kungoja fundi kutoka mbali.