Kobe Waliotua Bahari ya Hindi

Sisi wa Busi, kule Kondoa, tukisikia habari za anga za juu huwa tunacheka. Mvua yenyewe imetushinda kuielewa, itakuwa mwezi? Lakini ipo safari moja ya mwezini ambayo mimi naihesabu kuwa ni yetu kidogo.

Nianze nyuma. Mwaka 1912 Victor Hess, raia wa Austria, alipaa kwa puto kupita mita 5,000 akiwa na vipimo vyake, akakuta kadiri anavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi. Kumbe haikutoka ardhini, ilitoka juu! Leo tunajua kuwa ni vipande vidogo mno vya atomi, vingine vya jua, vingine vya nyota zilizolipuka zamani. Vikipenya mwilini vinaweza kukata nyuzi za urithi ndani ya chembehai. Hapa duniani tunakingwa na hewa pamoja na usumaku wa dunia. Ukitoka nje ya ngao hiyo, shauri yako.

Sasa nani atangulie? Binadamu mjanja, akamtuma kobe. Septemba 1968 Wasovieti walirusha chombo Zond 5 chenye kobe wawili, nzi wa matunda na mbegu. Kikazunguka mwezi, na tarehe 21 kikaangukia Bahari ya Hindi. Ndiyo, hii hii inayopiga mawimbi Dar na Tanga. Apollo 8 ya Wamarekani ilifuata miezi mitatu baadaye.

Kobe walirudi hai, wamepungua uzito kama asilimia 10, na wakala kwa hamu. Tena walikuwa wamenyimwa chakula tangu kabla ya kuondoka, na wenzao waliobaki maabara nao wakanyimwa vile vile ili walinganishwe. Matokeo? Mabadiliko mengi mwilini yalitokana na njaa, siyo safari. Kwa mtu aliyekulia Busi, ambako mvua ikikosea ghala linabaki na panya tu, habari hiyo haihitaji mkalimani. Walitafuta alama za nyota, wakakuta za njaa.

Ila mionzi tusiidharau. Siku sita ni chache. Kwenda Mars ni miezi. Ndiyo maana Apollo 17 ilibeba panya watano, Desemba 1972, wanne wakarudi hai. Na Novemba 2022 chombo BioSentinel kilipelekwa mbali kupita mwezi, abiria wake hamira, ndugu wa ile ya maandazi.

Mwezi huo huo FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipeleka mbegu kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyingine zikakaa ndani, nyingine nje. Mbegu za nini? Mtama, jamani! Zilirudi Aprili 2023. Kituo kile kiko kama kilomita 400 tu juu, bado ndani ya ngao ya usumaku, kwa hiyo wasitudanganye kuwa mtama ulifika mbali sana. Lakini wanachokitafuta ni chetu: mbegu ambayo urithi wake ukigeuka itavumilia ukame. Kazi hiyo ni ya kupanda na kuchagua kizazi baada ya kizazi. Mimi nangoja siku itakapofika Busi, nione inauzwa shilingi ngapi kwa kilo.