Geji kwenye dashibodi ya tovuti: Namna ya kuitengeneza isidanganye

Geji unaijua, ni kama ule mshale wa mafuta kwenye gari. Kwenye tovuti inafanya kazi hiyo hiyo, na sio lazima uwe gwiji wa programu kuitengeneza.

Tuchukue mfano wa friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na baadhi zikiganda ndiyo basi tena.

1. Chora
Tumia SVG, maana mchoro wake hauchuji hata kwenye kioo kidogo cha simu. Chora nusu duara, igawe kwa rangi, kisha weka mshale.

2. Piga hesabu
Tuseme geji inaanzia hasi 5 hadi 15. Chukua joto lililopimwa, toa kiwango cha chini, gawanya kwa upana wa geji (20), zidisha kwa 180, kisha toa 90. Joto likiwa 5 unapata 0, mshale unasimama wima katikati. Likiwa 8 unapata 27, mshale unalala kulia.

Joto likizidi 15, mshale ugote mwisho, lakini namba iendelee kuonyesha joto halisi.

3. Ifanye ijibu
Weka kitufe chini ya geji. Mtu akibonyeza aone joto la saa 24 zilizopita. Usitegemee kupitisha mausi juu yake, simu haina mausi.

Rangi peke yake haitoshi, kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani. Andika namba pamoja na neno "Salama" au "Hatari". Kwa wasioona wanaotumia kisoma skrini, ongeza role="meter" na aria-valuenow.

4. Hapa ndipo wengi wanachemka
Kifaa cha kupima kikizimika, mshale unabaki pale pale kwenye 5. Muuguzi anaona kijani, kumbe umeme umekatika tangu usiku na chanjo zinaharibika.

Kwa hiyo onyesha muda wa kipimo cha mwisho. Kama kifaa hutuma taarifa kila dakika 5 na zimepita 15 kimya, geuza geji yote iwe ya kijivu na uandike "Hakuna taarifa".

Unataka kitu chepesi zaidi? HTML ina meter yake tayari. Ni mstari tu, hauna mshale, ila sheria ya kijivu iko pale pale.